Mtoto wa sili analia: namna ya kumsikiliza, kwa anayeanza kujitolea kituoni

Kiswahili kimetuwahi katika jambo hili. Kwetu kengele hulia, bunduki hulia, mbuzi hulia, na hakuna anayeuliza kengele imefiwa na nani. Wajerumani na Waholanzi hawakujaliwa hivyo. Mtoto wa sili (mnyama wa baharini mwenye mapezi, anayenyonyesha na kula samaki) aliyepotezana na mama yake huitwa Heuler Ujerumani na huiler Uholanzi, na maneno yote mawili maana yake ni mliaji, tena wa machozi na kamasi. Jina hilo limewaponza watoto wengi. Mtalii anasikia sauti ufukweni, moyo unamlainika, anamfunika taulo na kumbeba hadi kwenye gari, kumbe mama yake alikuwa majini akisubiri watu waondoke.

Kila majira ya joto yakikaribia mimi hupata ujumbe kutoka kwa Mswahili mwenzangu aliyepata nafasi ya kujitolea katika kituo cha sili huku kaskazini mwa Ulaya, na swali huwa lile lile: "Dada, wanalia usiku kucha, hawateseki hawa?" Jibu langu fupi: anayelia mwache alie, mwogope aliyenyamaza. Jibu refu ndilo hili.

Ninachokijua nimekipata katika Bahari ya Wadden, ile kanda ya mafungu ya mchanga na matope inayopita Uholanzi, Ujerumani hadi Denmark, na ambayo tangu 2009 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO (sehemu ya Denmark iliongezwa 2014). Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Maji yakipwa, bahari inakimbia hadi huioni, mafungu yanatokeza. Maji yakijaa, ulipokuwa umesimama panapita mashua. Sili hupanda kwenye mafungu hayo kupumzika, kuzaa na kunyonyesha. Mimi ni wa Kilwa, na nyumbani nikisema "sili" wazee hunijibu "ah, nguva". Hapana. Nguva hula majani ya baharini na huzalia majini. Sili anakula samaki na huzalia nchi kavu. Sauti zao nazo ni mbali kabisa.

Vituo vya kuwalea viko kadhaa: Friedrichskoog na Norddeich upande wa Ujerumani, Ecomare katika kisiwa cha Texel, na kile cha Pieterburen ambako Lenie 't Hart alianza kazi hiyo mwaka 1971, na ambacho mwaka 2025 kilihamia Lauwersoog. Kila kituo kina taratibu zake. Nitakayoyasema hapa hayazipindui. Ukiambiwa tofauti na mlezi wa zamu, msikilize yeye.

Hatua ya 1: Mjue aliye mbele yako

Sauti moja inaweza kuwa na maana tatu kutegemea nani kaitoa, kwa hiyo kabla ya masikio tumia kalenda.

Mtoto mchanga anayeletwa Juni au Julai karibu kwa hakika ni sili wa kawaida (ndilo jina la aina yake). Huzaliwa akiwa na kilo kama 10, manyoya ya utotoni ameshayapukutisha tumboni mwa mama, na saa chache baada ya kuzaliwa anaogelea. Hunyonya wiki tatu hadi nne, maziwa ambayo karibu nusu yake ni mafuta. Ukiyafikiria maziwa hayo utaelewa kwa nini mtu mwenye huruma na pakiti ya maziwa ya ng'ombe ni hatari kuliko upepo wa baharini: huyo mtoto ataharisha hadi akauke.

Anayeletwa kati ya Novemba na Januari, mweupe kama pamba, ni sili wa kijivu. Mkubwa zaidi, ananyonya kama wiki mbili na nusu tu, na ana hasira za kondakta wa daladala saa kumi na mbili jioni. Kilio chake kinafanana na cha mtoto mchanga wa binadamu kiasi kwamba usiku wa kwanza nilitoka nje kutazama nani kaacha mtoto getini.

Wa tatu ni sili wa kawaida aliyezaliwa majira ya joto na sasa ana miezi kadhaa, analetwa kati ya Septemba na Desemba. Huyu hamlilii mama tena. Huyu anakohoa, na kikohozi chake tutakirudia.

Tazama na kitovu. Kama kipande cha kitovu bado kinaning'inia, kibichi, basi ana siku chache tu duniani na kelele zake zote zina mlengwa mmoja.

Hatua ya 2: Akiwa bado ufukweni, usiamue wewe

Hii ni fupi. Ukimsikia mtoto analia juu ya fungu, usisogee. Kipimo changu ni rahisi: akiinua kichwa kukutazama, umeshakaribia kupita kiasi, rudi nyuma. Mbwa afungwe kamba. Usisimame kati yake na maji, usimmwagie maji, usimrudishe baharini. Piga simu kituoni au kwa mlinzi wa sili wa eneo hilo. Uholanzi, tangu makubaliano ya mwaka 2020, mtoto anaweza kuangaliwa kwa mbali hadi saa 24 kabla ya kuamuliwa kama achukuliwe, na wanaoruhusiwa kumchukua ni waliofunzwa. Schleswig-Holstein, jimbo la kaskazini mwa Ujerumani, kazi hiyo ni ya walinzi maalumu waliopewa kibali. Saa 24 ni nyingi kwa anayesikia kilio, najua. Lakini ndani ya saa hizo maji yanajaa na kupwa mara mbili, na mama hurudi na maji.

Hatua ya 3: Kaa dakika kumi bila kufanya kitu

Umefika kituoni, umevaa ovaroli na buti za mpira, umekanyaga beseni la dawa mlangoni. Usilidharau beseni hilo: mwaka 1988 na tena 2002 virusi vya distempa, ugonjwa wa kuambukiza, viliua maelfu kwa maelfu ya sili katika bahari hii, na kuanzia hapo kila mlango wa karantini una sababu yake. Sasa keti. Chagua pembe ambayo watoto hawatalazimika kugeuza kichwa kukuona, weka daftari gotini, tazama saa.

Kitu cha kwanza cha kuhesabu ni pumzi. Hapa nilijiaibisha, na nasimulia ili wewe usijiaibishe. Wiki yangu ya kwanza nilimkuta mtoto mmoja amelala ubavu, mbavu hazipandi wala hazishuki. Nikahesabu hadi sitini. Nikahesabu tena. Nikakimbia kumwita mlezi nikipiga kelele kwamba mtoto kafa. Mlezi yule akaja taratibu, bado anajifuta mikono kwa taulo, akachuchumaa, akatazama saa ya mkononi. Baada ya muda tundu mbili za pua zikafunguka kama vifungo vya shati, mtoto akavuta pumzi tano, sita, za haraka, za kushiba, kisha pua zikajifunga tena. Usingizi ukaendelea. "Sasa hesabu upya," akaniambia, "safari hii ukiwa umeketi."

Pua ya sili ikilegea hujifunga yenyewe. Kuifungua ndiko kunakohitaji misuli. Mtoto mwenye afya akilala hukata pumzi kwa dakika kadhaa, halafu huvuta nyingi mfululizo. Andika vyote viwili: kimya kimechukua muda gani, na pumzi ngapi zilifuata. Anayekutia wasiwasi ni yule anayehema bila kituo hata akiwa amelala, pumzi fupi fupi, pua zimebaki wazi na ubavu unadunda.

Hatua ya 4: Zitenganishe sauti

Wiki ya kwanza utasikia kelele moja tu kubwa, kama zizi la mbuzi asubuhi. Wiki ya pili masikio yataanza kuchambua.

Sauti kuu ni mwito wa kumwita mama. Ukitamka "mwaaa" kwa puani, kuanzia chini, kupanda, kisha kushuka, umeikaribia. Mtoto wa sili wa kawaida huanza kuutoa tangu siku ya kuzaliwa. Akiwa anaelea na kichwa kiko juu ya maji, mwito huo husafiri hewani na majini kwa wakati mmoja, na mama aliyezama bado anausikia. Kila mtoto ana wake. Ukikaa nao siku kumi utaweza kusema, ukiwa umegeuzia mgongo, "huyo ni namba 9", kwa namna ile ile mama wa nyumba tatu anavyojua ni mwanawe aliyeanguka barabarani. Kwa hiyo huo si mlio wa maumivu. Ni jina. Mtoto analitaja jina lake ili mwenye kulijua aje.

Sasa, kituoni hakuna mwenye kulijua. Ndipo mwito unapohamia kwenye mambo mengine: mlango unaofunguliwa, ndoo inayogongwa, harufu ya samaki. Baada ya siku chache hutajua tena kama anaita mama au anaita chakula, na nadhani hata yeye hajui. Andika tu mwito ulipoanza na ulipokoma. Baharini mwito huu hupungua mtoto anapoachishwa kunyonya, na sili mzima kwa kawaida ni mnyama mkimya. Kituoni unaweza kuchelewa kidogo, lakini mwelekeo ni ule ule. Mtoto wa wiki tano anayeongezeka uzito na ambaye ameacha kuita amekua, basi. Watu wa kujitolea huja kwangu na uso wa msiba: "Amenyamaza." Nawauliza, anakula? Anakula. Ana kilo ngapi? Kumi na nne. Basi kamnunulie soda, amehitimu.

Kundi la pili ni sauti za "niache". Zinaanza na kupumua kwa nguvu kupitia puani, kama mtu anayepuliza vumbi mezani. Halafu mngurumo mfupi wa kooni. Halafu kichwa kinatupwa mbele, mdomo wazi. Pamoja na hizo kuna pezi la mbele: analipunga hewani na kukwaruza kwa kucha, au analipiga mwilini au majini mpaka lilie pa! Jirani akielewa, anasogea, kesi imekwisha. Ngazi hizi huja kwa mpangilio ule ule karibu kila mara, na sili wa kijivu huziruka mbili za mwanzo. Ukisikia pumzi ya puani ukiwa umeinama kuokota taulo, simama wima, rudi hatua mbili. Usingoje mngurumo.

La tatu, kikohozi. Hapa ongeza umakini. Mchanga wa siku kadhaa anaweza kukohoa kwa sababu maziwa yamepita njia isiyo yake, na hilo ni la kusemwa papo hapo. Lakini kikohozi cha miezi ya baridi ni cha minyoo ya mapafu. Mtoto aliyeachishwa anaanza kula samaki, samaki wanabeba mabuu ya minyoo, minyoo inakaa katika mapafu na njia za hewa. Ndiyo maana anayenyonya hana. Kikohozi chake ni kizito, cha mfululizo, shingo inanyooka na mgongo unapinda, mwisho wake kuna kumeza au kutema makamasi, wakati mwingine yenye damu. Kati ya vikohozi viwili sikiliza pumzi: zikiwa na mluzi, au mchemko kama chungu cha maharage, andika neno hilo hilo, "mchemko". Daktari wa wanyama ataelewa haraka kuliko ukiandika "anapumua vibaya".

Chafya, koromo, kucheua: zipo, zizoee, usizijazie kurasa.

Na mwisho, kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na katika chumba cha karantini methali hii ni ya kitabibu. Mchanga wa wiki moja, mwembamba, ambaye jana aliita na leo haiti, haungurumi ukimgusa, hapigi pezi, anakuachia umgeuze kama gunia, huyo ndiye wa kukimbilia. Si mpole. Anaishiwa. Nimeona wageni wakimpenda hasa mtoto wa aina hii kwa sababu "anapenda kushikwa". Mtoto wa sili mwenye afya hapendi kushikwa na atakueleza hivyo kwa meno.

Hatua ya 5: Soma mwili pamoja na sauti

Anza na macho. Sili hana mfereji wa kupeleka machozi puani kama sisi, kwa hiyo yanamwagika usoni na kulowanisha manyoya. Duara la unyevu kuzunguka jicho ndilo linalowaliza watalii: "Masikini, analia kweli!" Kwako wewe duara hilo ni habari njema, maana yake mwili una maji. Duara likikauka, manyoya chini ya jicho yakawa makavu kama ya mwili wote, mtoto ana upungufu wa maji. Kwa hiyo katika daftari langu kuna safu mbili zinazokaa pamoja: sauti, na duara la jicho. Anayeita kwa nguvu na macho yamelowa, namwekea alama ya vema na kupita. Asiyeita na macho makavu, namwita mlezi kabla sijamaliza kuandika.

Halafu mkao. Kichwa juu na mkia juu, tumbo limegusa chini, mwili umepinda kama ndizi: ameridhika, anajikausha ncha za mwili zinazopoteza joto. Akielea wima majini kama chupa, pua tu ndiyo nje, amelala. Akijibanza pembeni na kichwa amekibana mabegani, shingo imepotea kabisa, anaogopa, na aliyemwogopesha mara nyingi ni wewe.

Utaona pia wananyonyana. Mtoto anatafuta chuchu, anakuta pezi la mwenzake, sikio, kitovu, hata ukuta wa vigae, anavuta kwa kelele kama mtu anayekunywa uji wa moto. Kwa ukuta hakuna neno. Kwa kitovu cha mwenzake lipo: kidonda kitaingia vijidudu. Mwambie mlezi awatenganishe, wala usiwavute kwa mkono mwenyewe.

Hatua ya 6: Masikio wakati wa kulisha

Siku za kwanza mtoto hupewa maji yenye chumvichumvi, kisha maziwa maalumu au uji wa samaki, kwa mrija unaopita mdomoni hadi tumboni. Mrija si kazi yako. Kazi yako ni kushika taulo na kusikiliza. Mtoto anayenguruma na kuuma mrija ana nguvu. Akikohoa mrija unapoingia, sema kwa sauti, neno moja, "kikohozi". Mwenye mrija anatazama mdomo na hawezi kutazama vyote.

Baadaye huja heringi. Samaki huingizwa kwa kichwa kwanza ili magamba na mapezi yasikwaruze koo. Katika kipindi hiki watoto wengi hupiga kelele kuliko wakati wote, kwa sababu mwenye kichwa kigumu anataka chakula ila hataki samaki. Vumilia. Halafu siku moja utatupa samaki katika maji, mmoja atamkamata, wa pili atamfuata, na kutoka kona ile utasikia mngurumo ambao hujawahi kuusikia kwa huyo mtoto: anamfokea mwenzake kwa ajili ya samaki. Iandike tarehe hiyo. Ugomvi wa kwanza wa chakula una maana kubwa kuliko nusu kilo kwenye mizani, kwa maoni yangu, ingawa mlezi mkuu wetu hakubaliani nami na ataendelea kupima.

Hatua ya 7: Sauti yako wewe

Hapa ndipo Waswahili tunapokosea zaidi, maana sisi tumelelewa kwamba mtoto akilia anabembelezwa. Usimbembeleze. Usimwigizie "mwaaa". Usimwite jina la kipenzi, usiimbe, usipige soga na mwenzako juu ya beseni lake. Mtoto huyu atarudi baharini, na baharini sauti ya binadamu inapaswa kumfanya azame.

Wanasikiliza kuliko unavyodhani. Mwaka 1971 huko Maine, Marekani, familia moja ililea mtoto wa sili wa kawaida aliyepoteza mama, wakampa jina Hoover, ambalo ni chapa ya mashine ya kufyonza vumbi, kwa jinsi alivyokuwa akifyonza samaki. Alipowashinda kwa kula alipelekwa katika jumba la viumbe wa majini la Boston. Huko alipokua akaanza kusema: salamu, "njoo hapa", kicheko kikavu, vyote kwa sauti nene ya mwanamume na lafudhi ya watu wa pwani ile. Aliendelea kuwasalimu wageni mpaka alipokufa mwaka 1985. Wageni walifurahi sana. Lakini Hoover hakurudi baharini.

Na watoto wa Pieterburen wamewapa wanasayansi jambo jingine. Katika utafiti uliochapishwa 2021, watoto wanane wenye wiki moja hadi tatu walichezewa rekodi za kelele za Bahari ya Wadden kwa viwango tofauti. Kelele ilipoongezeka, walishusha sauti zao zikawa nene zaidi. Sio wanyama wengi wanyonyeshao wanaoweza kuigeuza sauti yao namna hiyo, tena katika umri huo. Kwa mwenye ndoo na mashine ya kuoshea yenye presha maana yake iko wazi: kelele yako inaingia katika kilio chao. Osha wakati mmoja, maliza, zima. Redio ibaki jikoni.

Hatua ya 8: Rekodi

Simu yako inatosha. Rekodi dakika tano, kila siku saa ile ile, kabla ya kulisha, simu ikiwa imekaa mahali pale pale (mimi naifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka juu ya rafu, iliyotangulia ilipigwa pezi ikaingia majini). Mwanzoni mwa rekodi usiseme kitu ndani ya chumba. Taja tarehe na namba ya mtoto ukiwa mlangoni. Ukiwaweka wanane pamoja rekodi itakuwa supu, kwa hiyo rekodi walio peke yao karantini kwanza.

Ukitaka kuiona sauti kwa macho, fungua faili katika Audacity au Praat, programu za bure zote mbili, chagua mwonekano wa spektrogramu, yaani mchoro wa sauti. Mwito wa mama unaonekana kama mistari iliyopandana mithili ya ngazi, kila mstari umepanda na kushuka kama paa la makuti. Mngurumo hauna ngazi. Ni doa la kijivu chini. Kikohozi ni ukuta mwembamba uliosimama wima. Kwa kutazama hivyo tu utaweza kuhesabu miito ya dakika tano bila kusikiliza yote tena.

Daftari langu huwa hivi, na unaweza kuliiga: "Na. 14, jike. Saa 1:50 asubuhi. Aliita mfululizo mlango ulipofunguliwa, akakoma nilipoketi. Duara la macho limelowa. Alipigwa pezi na Na. 11, akajibu kwa pumzi ya puani, hakuuma. Hakuna kikohozi." Mistari minne. Usiandike "ana huzuni". Huzuni hujaiona, umeona kichwa kimeinama. Andika kichwa.

Hatua ya 9: Mambo yasiyosubiri zamu inayofuata

Mchanga aliyenyamaza ghafla. Pumzi ya mdomo wazi. Damu puani au katika makohozi. Mtetemeko usiokoma, au kichwa kinachojivuta nyuma. Kutapika kulikofuatwa na kikohozi. Hayo mwite mlezi, usiku au mchana, na kama umekosea hakuna atakayekucheka. Mimi walinicheka na bado nipo.

Na likikupata wewe: ukiumwa, hata mkwaruzo mdogo juu ya glovu iliyochanika, osha papo hapo, toa taarifa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari kwamba ni sili. Kuna maambukizi yanayoitwa kidole cha sili. Kidole kinavimba, kinauma hadi kwenye fundo, na penisilini ya kawaida haiyawezi. Yanahitaji dawa za jamii ya tetrasaiklini. Daktari wa mjini asiyejua umetoka wapi anaweza kukupa ile isiyofaa.

Hatua ya 10: Siku ya kuondoka

Mtoto akifika takriban kilo 25, anakula mwenyewe majini na daktari ameridhika, hupewa kitambulisho kwenye pezi la nyuma na kupelekwa baharini ndani ya sanduku. Ndani ya gari utashangaa. Hakuna anayeita. Utasikia kucha zikikwaruza, pumzi za puani, basi.

Ufukweni panga masanduku yatazame maji, fungua milango pamoja, kisha rudi nyuma na ubao wako wa kujikingia na usimame kimya. Baadhi hutoka mara moja. Wengine hutoa kichwa, hutazama huku na huku, hurudi ndani. Usimsukume, usimwite, usipige makofi. Mpe muda ule ule ulionipa mimi aibu: hesabu hadi sitini, hesabu tena. Akishazama, waache watalii na kamera zao, wewe chukua masanduku ukayaoshe kabla hayajakauka. Kinyesi cha sili aliyekula heringi miezi miwili kikikaukia sanduku, hata presha ya mashine haikitoi.